Kiota Ukutani, Punda Njiani

Kwenye ukuta wa Msikiti wa Ayazma, Üsküdar, upande wa Asia wa jiji la Istanbul, kuna nyumba ndogo za mawe ambazo hakuna mtu awezaye kuingia. Zina madirisha, mapaa na vibaraza, na zimechongwa kwa ustadi uleule uliojenga msikiti wenyewe katika karne ya 18. Ni nyumba za ndege. Mafundi wa zama za Waosmani walizipachika upande unaopata jua, penye kinga ya upepo, na juu kiasi cha paka kutofika. Shomoro na mbayuwayu walihesabiwa miongoni mwa wakazi tangu msikiti ukiwa bado mchoro.

Miji mingi hujisifu kwamba watu wake wanapenda wanyama. Mimi sipimi mji kwa mapenzi hayo, kwa sababu huja na kuondoka. Nauliza umewajengea nini, na kazi ya kuwatunza umemwachia nani. Kwa kipimo hicho Istanbul ni mji wa ajabu na wa kuhuzunisha kwa pamoja.

Wageni huiita jiji la paka, na wana sababu. Paka analala juu ya kiti cha mkahawa, na mteja hutafuta kiti kingine. Chini ya desturi hiyo ipo imani. Inasimuliwa kwamba sahaba Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Alipoona mkwewe anamtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaowazungukia watu majumbani. Muislamu wa Istanbul na wa Pemba wamelelewa na mafunzo hayohayo.

Lakini mwaka 1910 jiji hilohilo lilikusanya makumi ya maelfu ya mbwa wa mitaani na kuwatupa kwenye kisiwa kikavu cha Sivriada, wakafa kwa njaa na kiu. Watawala wa wakati ule walitaka mji uonekane wa kisasa. Ndege alikuwa na nyumba ukutani, naye mbwa alikuwa na huruma ya mtaa tu. Watawala walipobadili fikra, hakikuwepo kitu cha kumkinga. Sheria ya mwaka 2004 iliagiza mbwa wafungwe uzazi, wachanjwe na kurudishwa mtaani kwao. Mwaka 2024 bunge likaibadilisha: sasa manispaa zinatakiwa kuwaondoa barabarani na kuwaweka kwenye makazi maalumu. Waturuki wengi waliandamana kupinga, nami nawaelewa, ingawa pia namwelewa mzazi ambaye mtoto wake ameumwa.

Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, ililijibu swali hili kwa namna nyingine. Mji wa kale ulioasisiwa na Sultan Ahmad Shah mwaka 1411, na ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, umegawanyika katika vitongoji viitwavyo pol. Nyumba zake zimebanana nyuma ya lango, vichochoro ni vyembamba, na miti haina pa kukulia. Katika uwazi mdogo wa kitongoji husimama chabutro: nguzo ndefu, na juu yake kibanda cha pembe nyingi kilichonakshiwa, ambamo ndege huwekewa nafaka na maji. Mahali ambapo mti haukupata nafasi, watu walisimamisha kitu cha kuwapokea ndege.

Wajaini, ambao kutodhuru kiumbe chochote ndio msingi wa dini yao, wamechangia sana desturi hiyo, ila majirani wa Kihindu nao huishiriki. Hapa ndipo chabutro inapoipita nyumba ya ndege ya Ayazma. Ile ya Istanbul fundi akishaipachika kazi imekwisha. Ndege huingia, mtu hubaki chini akitazama. Chabutro bila mkono wa mtu ni nguzo tupu. Kila siku lazima mtu aje na nafaka, na anayekuja mara nyingi ni mzee ambaye watoto wamekwenda kazini. Anapata sababu ya kutoka nje, anaonana na jirani, na asipoonekana watu huuliza habari zake. Wanaozungumzia afya ya akili mijini wangefaidika kuitazama nguzo hiyo.

Hata hivyo, kila tarehe 14 Januari mji huohuo huadhimisha Uttarayan kwa kurusha tiara ambazo nyuzi zake hupakwa unga wa vioo, na ndege wengi hukatwa mbawa. Watu wa kujitolea huzunguka wakiwaokota na kuwapeleka kwa madaktari wa mifugo.

Lamu, tofauti na miji hiyo miwili, mnyama wake ni mfanyakazi. Mji Mkongwe haukujengwa kwa gari. Njia zake zinamtosha punda mwenye shogi mbili za mchanga pamoja na mpita njia atakayejibana ukutani kumpisha. Wembamba huo huleta kivuli na utulivu: mtoto hucheza mlangoni bila kuchungwa, na wazee huzungumza barazani pasipo kupaza sauti. Punda ameulindia mji kipimo cha mwanadamu, na kila pikipiki inayoongezwa kisiwani inakibomoa kidogo.

Malipo yake yamekuwa haba. Wenyewe tunasema punda afe, mzigo wa bwana ufike, na wapo waliouchukua usemi huo kama ruhusa. Kliniki ya bure imekuwa ikiwatibu punda wa Lamu tangu mwaka 1987, na imeokoa wengi. Ila mji uliwaachia punda njia ya kupita na haukuwaachia pa kula. Wakifunguliwa hufukua majalala, humeza plastiki, na wengine hufa kwa kuziba utumbo. Marekebisho yake hayahitaji mapenzi makubwa: hori la majani, birika la maji na jalala lenye uzio.

Singapore inaonyesha kwamba hata zege hurekebishika. Katika bustani ya Bishan–Ang Mo Kio, mfereji wa zege wa mto Kallang ulivunjwa na mto ukarudishiwa mikunjo na majani. Kazi ilikamilika mwaka 2012, na baadaye fisi maji wakahamia. Leo familia zao husimamisha watembeaji wa asubuhi. Nchi hiyohiyo ilipiga marufuku paka katika nyumba za serikali, wanamoishi wananchi wengi, hadi Septemba 2024.

Wapangaji wa miji yetu watanijibu kuwa mnyama mjini ni maradhi, na kichaa cha mbwa kweli kinaua. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa, maambukizi hukatika. Pemba walichanja, ugonjwa ukatoweka. Uliporudi mwaka 2016 walichanja tena, ukakoma. Kisiwa hicho ni cha Waislamu, na wengi wao hawafugi mbwa ndani. Hata hivyo mbwa waliletwa kuchanjwa wakiwa wamefungwa kamba, wengine wakiongozwa na watoto. Bajeti ya viwanja vipya inayokosa siku ya chanjo kama hiyo, birika la maji na mti mmoja wa ndege imekosa vitu vya bei nafuu kuliko mita chache za lami.