Kongosho Likivimba, "Kali" Ipi?

Daktari akiandika kwenye cheti kwamba mgonjwa ana "ugonjwa mkali wa kongosho", amesema nini hasa? Pengine anataka kusema kwamba maradhi yameanza jana usiku. Pengine anamaanisha figo zimegoma na mgonjwa anapelekwa chumba cha mahututi. Kiingereza kina neno moja kwa maana ya kwanza na jingine kwa maana ya pili. Sisi tumeyatia yote mawili ndani ya "kali". Tumefanya hivyo kwenye lishe pia, ambako istilahi ya kimataifa yenye neno moja la muda na jingine la uzito imebaki kuwa "utapiamlo mkali", basi. Kule mtu anaweza kuvumilia. Kwenye kongosho haiwezekani, kwa sababu swali lenyewe la kitabibu ni hili: kati ya walioanza kuugua ghafla, nani atazidiwa?

Chanzo cha mkorogo kinaeleweka. Neno la Kilatini lililozaa istilahi hiyo ya kwanza ya Kiingereza lilihusu kitu kilichonolewa, na kisu kilichonolewa kwetu ni kikali. Lakini katika tiba neno hilo lilihamia kwenye muda zamani: ni ugonjwa unaoanza kwa haraka, kinyume cha ugonjwa sugu. "Sugu" imeshika mahali pake wala haina mshindani. Mwenzake anayestahili ni "ghafla".

Tatizo jingine ni "uvimbe". Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe kwenye kongosho, anasikia saratani, na nani wa kumlaumu? Nomino-kitenzi ni salama zaidi: kuvimba. Kwa hiyo napendekeza "kuvimba ghafla kwa kongosho". Wanaotaka neno moja la kitaalamu watumie "pankreatitisi ya ghafla". Kwa njia zote mbili "ukali" unabaki huru kufanya kazi yake.

Kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi baada ya ERCP. Hiki ni kipimo na tiba kwa pamoja: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, kisha mrija huingizwa kwenye mfereji wa nyongo ili kupiga picha, kutoa vijiwe au kuweka stenti. William McCune na wenzake wa Washington walitangaza mwaka 1968 kwamba wameufikia mlango wa mfereji huo kwa kamera. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani waliripoti namna ya kuukata msuli wa mlango huo ili vijiwe vitoke. Msuli wenyewe una jina la Ruggero Oddi, aliyeueleza mwaka 1887 akiwa bado mwanafunzi nchini Italia.

Shida ni kwamba nyongo na majimaji ya kongosho kwa kawaida hutokea mlango mmoja. Daktari anayetafuta mfereji wa nyongo anaweza kuingia wa kongosho mara moja, mara mbili, mara kadhaa. Mlango unajeruhiwa, unavimba, majimaji yanakosa njia. Vimeng'enya vilivyopaswa kuamka utumboni vinaamka ndani ya kongosho na kuanza kulimeng'enya lenyewe. Kwa makadirio ya kawaida hali hii hutokea kwa wagonjwa 3 hadi 10 katika kila 100 wanaofanyiwa ERCP. Wengi wao hutoka hospitali baada ya siku chache. Wachache hupatwa na kufa kwa sehemu ya kongosho, na baadhi yao hufariki.

Sasa neno la kusema mapema nani atazidiwa: "kutabiri". "Kubashiri" lingefaa, ila kampuni za kamari zimelikodi. "Kutabiri" halina kosa: Mamlaka ya Hali ya Hewa hulitumia kila siku, na kama ilivyo kwa mvua, daktari hutoa uwezekano, hatoi ahadi. Baada ya ERCP ana faida asiyokuwa nayo kwa wagonjwa wengine wa kongosho. Dakika ya jeraha inajulikana. Anayekuja na maumivu kutoka nyumbani hukisia saa yalipoanza. Huyu saa yake imeandikwa kwenye faili.

Hata hivyo kuna maswali matatu ambayo huchanganywa hata na wasomi. Nani yuko hatarini kuvimba? Hapo hutazamwa umri mdogo, jinsia ya kike, historia ya kongosho kuvimba, na ugumu wa kuingiza mrija. Nani amevimba? Makubaliano ya wataalamu ya mwaka 1991 yaliyoongozwa na daktari Peter Cotton yalitaka maumivu mapya ya tumbo pamoja na amilesi ya damu (kimeng'enya cha kongosho) iliyofika angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida zaidi ya saa 24 baada ya kipimo. La tatu ndilo la ukali, na hapa amilesi haisaidii tena: inaweza kupanda sana kwa mtu ambaye keshokutwa atakula ugali.

Cotton na wenzake walipima ukali hasa kwa siku za kulazwa: mbili au tatu ni nyepesi, nne hadi kumi ni ya wastani, zaidi ya hapo ni kali. Binafsi naona kipimo hicho kinapima pia desturi za wodi. Uainishaji wa Atlanta uliorekebishwa mwaka 2012 ni imara zaidi: ukali ni moyo, mapafu au figo kushindwa kazi kwa zaidi ya saa 48. Daraja la kati liliitwa humo kali kiasi, si la wastani, na mfasiri aheshimu hilo.

Lakini vipimo vyote viwili hutoa jina baada ya mambo kutokea. Utabiri hauna budi kutumia dalili za mapema. Alama za BISAP, zilizotangazwa mwaka 2008, hutazama ndani ya saa 24 mambo matano: urea ya damu, kuchanganyikiwa, dalili za mwili mzima kama homa na mapigo ya haraka, umri wa zaidi ya miaka 60, na maji kuzunguka mapafu. Protini ya CRP ikipita miligramu 150 kwa lita katika saa ya 48, tahadhari huongezeka. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachotosha peke yake.

Wanaoandaa fomu za ridhaa kwa Kiswahili, tafadhali andikeni "kuvimba ghafla kwa kongosho" panapohusu mwanzo wa ugonjwa, na "kali" pale tu viungo vinaposhindwa. Na mstari mmoja wa ziada kwa mgonjwa: ukipata maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni siku ya kipimo au siku inayofuata, rudi hospitali mara moja.