Ushuru wa Kilabuni

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkusanya ushuru, na hakuna mahali paliponichosha kama kilabuni. Sokoni mtu hukulipa akiwa na akili zake. Kilabuni unamngoja mama auze makopo mawili matatu ya pombe ya komoni ndipo apate cha kukupa, huku wateja wake wanakukodolea macho kana kwamba umewanywea wewe. Hawakukosea sana.

Huku kwetu, mji wa Makambako hauwezi kukosa wanywaji. Hapo barabara ya Songea inachepuka kutoka barabara kuu iendayo Zambia, na hapo pana stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa miaka ya 1970. Dereva, mpakia mizigo, mkulima aliyetoka kuuza viazi, wote hupita na kiu yao. Ukipanda kwenda Njombe unaingia katika ulanzi wa Wabena. Mvua zikishika, mgema hukata ncha za mianzi michanga, huchonga asubuhi na jioni, na utomvu hudondokea ndani ya chombo kiitwacho mbeta. Ukiwa mbichi ni togwa hata mtoto hunywa. Ukilala unachachuka wenyewe, bila kuni wala sufuria. Ndiyo maana ulanzi ulitukimbia sisi wenye stakabadhi. Mianzi iko nyuma ya nyumba, jirani anakuja na kopo lake, biashara imekwisha. Komoni haifichiki: inataka unga wa mahindi, kimea cha ulezi, siku kadhaa za kupika na kungoja, na moshi unamsemea mpishi. Basi ushuru ukawaangukia akina mama wa komoni.

Mambo haya yana babu yake. Mwaka 1908 sheria ya Natal, huko Afrika Kusini, iliruhusu manispaa kuhodhi pombe ya Waafrika. Durban ikapika na kuuza yenyewe, na faida ikalipia mabweni ya vibarua na polisi wa kuwalinda Waafrika hao hao wasitoke mstarini. Nairobi iliiga miaka ya 1920 kwa ukumbi wake wa bia wa Pumwani. Tanganyika ilitunga sheria yake ya pombe za wenyeji mwaka 1923, ikaja na vibali na ada, lakini kwa kawaida wakubwa hawakujisumbua kupika. Mama apike, anunue kuni, ale hasara pipa likiharibika; serikali ichukue chake. Durban ilinyang'anya waziwazi, hata wanawake wa mtaa wake wa Cato Manor wakavamia kumbi za bia mwaka 1959. Sisi tulirithi unyang'anyi wenye stakabadhi, na huo ni mgumu kuuvamia.

Baada ya uhuru, sheria ya vileo ya 1968 iliendeleza mtindo wa leseni. Halmashauri zilivunjwa 1972, zikarudi 1984 kwa sheria za 1982, mikono mitupu, na mlango wa kilabu ulikuwa mmoja wa milango iliyobishwa hodi. Mwaka 2003 kodi ya kichwa ilifutwa pamoja na vijiushuru vingi vya kero. Leseni ya vileo ikabaki.

Fedha ya leseni hiyo ikishaingia halmashauri, haina jina tena. Inachanganyika na ya mbao na ya mazao. Vijiji vinadai asilimia 20 yao, na tangu 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, ni jambo jema. Ila lihesabu upande wa mpika komoni: anatoa ushuru, kisha akibahatika anakopeshwa kipande chake mwenyewe, na anatakiwa kukirudisha.

Kilabu nilichokusanyia muda mrefu kuliko vyote, ambacho sitakitaja, hakikuwa na choo cha kuingia mtu mwenye heshima zake. Maji yalibebwa kwa ndoo kutoka mbali. Waheshimiwa madiwani, mkikaa tena kwenye bajeti, shilingi ya kwanza ya kilabu ijenge choo cha kilabu na bomba la hao akina mama. Mengine mgawane baadaye.