Pikapu ya Mjomba, Nyayo Pioneer na Volvo ya Mtumba ya Joginder

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini leo tuiweke kando kidogo. Nataka kuongea magari. Wanaonijua wanajua nina ugonjwa mmoja usio na dawa: pikapu ya Peugeot 504 iliyokaa chini ya mwembe nyumbani kwetu Makueni, upande wa Kathonzweni, tangu 2020. Haina paa. Paa nililikata mwenyewe.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama, mtu wa Mutomo kule Kitui. Kwa miaka mingi ilibeba mbuzi na magunia ya ndengu kutoka Mutomo hadi Kibwezi, ikivuka mto Athi, enzi ambazo barabara ile ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope mvua ikinyesha. Siku hizi ni lami tupu, na jambo la kuchekesha ni kwamba pikapu haijawahi kuikanyaga lami hiyo. Mwaka 2019 Mjomba alinikabidhi ufunguo kwa sharti moja tu, kwamba siku itakaponguruma tena nimvushe Athi akiwa amekaa mbele.

Mimi nikaona sharti hilo ni dogo mno kwa msomi kama mimi. Nilikuwa nimetoka chuoni na digrii ya sayansi ya kompyuta, nikaamua kujenga hotrodi. Kwa asiyejua, hotrodi ni gari kuukuu lililovuliwa kila kizito, likashushwa chini, likatiwa injini ya kutisha. Aprili 2020, serikali ilipofunga Nairobi kwa sababu ya korona, nilikuwa nyumbani nikiandika programu asubuhi na kukata vyuma alasiri. Nilichora kila kitu. Injini ilikuwa iwe 1UZ-FE, ile V8 ya lita 4 ambayo Toyota waliitia kwenye Lexus LS400 mwaka 1989. Nikakata paa ili lishuke. Nikang'oa injini ya zamani. Nikanunua gia boksi Nairobi, pale Kirinyaga Road ambapo wazee bado wanaita Grogan, nikaileta nyumbani kwa basi, na kumbe imekufa gia ya tatu. Halafu nikapata kazi mjini. Halafu hela ikaenda kwingine. Halafu... mnajua wenyewe. Kila mwandishi wa programu ana folda moja kwenye kompyuta yake ambayo hapendi kuifungua.

Mama ndiye aliyeishi nayo. Kuku walitagia ndani. Januari 2022 alikuwa ameshapatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu, na wiki hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu watu walikuwa wakibomoa nguzo za umeme. Marufuku iliondolewa mwezi Mei mwaka ule ule, lakini yule mnunuzi hakurudi. Nasema wazi: pikapu yangu iliokolewa na wezi wa nguzo.

Sasa kilichonifanya niandike. Mjomba ni mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki anapelekwa Kitui mjini kusafishwa damu. Miaka yote hii kila nikimpigia simu alikuwa ananiuliza, "Kagari kamefika wapi, mpwa wangu?" nami namjibu karibu, Mjomba, karibu. Miezi michache iliyopita aliacha kuuliza. Nilipiga simu mara tatu nikisubiri lile swali, halikuja. Tuliongea habari za mvua.

Usiku wa simu ya tatu sikulala vizuri. Badala ya kwenda kushika spana nikafanya kile ambacho watu wa aina yangu hufanya wakiogopa kazi: nikaanza kusoma. Na safari hii kusoma kulinisaidia, ndiyo maana nawaletea.

Nilianza na Nyayo Pioneer, kwa sababu kila Mkenya akisema "gari la kujitengenezea" kuna mzee mmoja atacheka na kutaja jina hilo. Kwa kifupi, mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya, hata likienda polepole, mradi liwe letu. Watu husahau kwamba waliliunda. Yalitoka magari matano ya majaribio, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Kilichokufa ni kile kilichofuata. Likaundwa shirika la serikali, Nyayo Motor Corporation, lenye mpango wa viwanda vya kutengeneza karibu kila kitu humu humu nchini, injini ikiwemo. Pesa hazikupatikana, magari ya kuuza hayakutoka hata moja, na mwaka 1994 shirika likabadilishwa jina kuwa Numerical Machining Complex, likabaki kutengeneza vipuri na kazi nyingine za mashine.

Mimi sicheki Pioneer. Nimesoma habari zake nikahisi kama mtu anasoma shajara yangu. Wale wahandisi walikuwa na gari linalotembea! Kisha mtu akaja na mchoro mkubwa zaidi, na mchoro ukalila gari. Katika kazi yetu tunalijua jambo hili. Toleo la kwanza linafanya kazi, lina makovu, halafu kikao kinaamua kwamba kabla ya kulitoa ni lazima liandikwe upya lote, na lisitegemee kitu chochote cha watu wengine. Mungu akusaidie ukishaingia kwenye kikao hicho. Mobius, waliotaka kuunda gari rahisi la barabara mbovu za Afrika, nao waliteseka kwa namna yao. Walianza 2009, waliuza magari kwa miaka kadhaa, na Agosti 2024 walitangaza wanafunga kabla ya kujitokeza mnunuzi. Angalau wao waliuza.

Kutoka hapo nikarudi kwenye asili ya hotrodi yenyewe, kitu ambacho ni aibu kwamba sikukisoma kabla ya kukata paa. Vijana wa kusini mwa California miaka ya 1930 hawakuwa matajiri. Walichukua Ford Model T na Model A kutoka kwenye majalala, maana Model T peke yake zilitengenezwa milioni 15 hadi 1927 na zilikuwa kila mahali kama bodaboda zetu leo. Walizitoa vizimba vya magurudumu na vioo ili ziwe nyepesi, wakaenda kushindana kwenye vitanda vya maziwa makavu kama Muroc. Mwaka 1937 wakaunda chama chao, SCTA, ili wasiuane ovyo. Ford alikuwa ametoa V8 ya bei nafuu mwaka 1932, na magari hayo yalipoanza kupata ajali na kuzeeka, injini zake zikawa mtumba. Hapo ndipo V8 iliingia! Iliingia kwa sababu ilikuwa ndiyo injini ya bei rahisi iliyolala karibu. Jarida la Hot Rod lilianza Januari 1948, yaani miaka mingi baada ya vijana kuanza kukata mabati yao.

Nililisoma hilo nikafunga kompyuta. V8 ya Lexus haijalala karibu na mtu yeyote Kathonzweni. Unajua ni injini gani imelala karibu nami? Ile ya 504 yenyewe, cc 1796, iliyokuwa imefunikwa turubai kwenye ghala la mahindi, ambayo niliing'oa kwa mbwembwe nikisema ni ya kizee.

Na ya kizee kweli, lakini tuiheshimu. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya 404. Mbio hizi zilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi ziliendeshwa Pasaka, msimu wa mvua, kwenye barabara zile zile ambazo watu walipeleka mbuzi sokoni. Mjomba anasema alipokuwa mtoto walikuwa wakishuka hadi barabara ya Mombasa pale Kibwezi kungoja magari yapite, na kwamba ulilisikia gari mapema sana kabla ya kuliona, kwa sababu hakukuwa na kelele nyingine.

Jina alilokuwa akilitaja ni moja tu, Joginder.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katika kazi ya ufundi wa magari. Mwaka 1965 aliingia Safari na kaka yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544. Gari lile lilikuwa la mtumba. Lilikuwa limeshatumiwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia, chini ya dereva Msweden Tom Trana, wakaliacha. Umbo lake lilikuwa la kizamani kiasi kwamba Volvo wenyewe waliacha kulitengeneza Oktoba mwaka huo huo. Ndugu hao wawili walilitengeneza, wakaliendesha, wakashinda. Kisha Joginder alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na watu wakamwita Simba wa Kenya. Lakini takwimu iliyonishika si hizo tatu. Alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Katika mbio ambazo kuna miaka wanamaliza watu 7! Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na nadhani hilo linaonekana kwenye ile 19 kuliko kwenye zile 3.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Kibwezi kuchukua ringi za pistoni na gasketi kwa fundi mmoja aliyewahi kuitengeneza pikapu hiyo zamani. Nikateremka Makindu kwanza, nikaingia kwenye hekalu la Kalasinga. Wasafiri wote wa barabara ya Mombasa wanalijua. Unaingia, unafunika kichwa, unapewa chapati na dengu bila kuulizwa wewe ni nani. Lilijengwa 1926, na chanzo chake ni Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli, ile iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901. Mafundi wale walileta ufundi wa vyuma ambao baadaye ulijaa kwenye gereji za nchi hii. Nilikula nikimfikiria Joginder na injini yangu iliyo kwenye turubai, kisha nikaendelea na safari.

Nilipomweleza fundi kuhusu V8 aliniangalia kwa muda. Akauliza, "Kijana, unataka gari au unataka picha?" Sikuwa na jibu la haraka. Akanipa ringi na akanionya nisiwashe kitu kabla ya kumimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda na kuyaacha usiku kucha.

Basi mambo yamekuwa hivi. V8 imefutwa. Michoro yote ya 2020 nimeihamisha kwenye folda ya kumbukumbu. Injini ya cc 1796 nimeivua kichwa, nimebadilisha ringi na gasketi, nimesafisha kabureta kwa petroli na mswaki. Wiki tatu zilizopita, mimi na binamu yangu tuliizungusha kwa mkono ikazunguka, mizunguko miwili mizima, na Mama aliyekuwa akipepeta mbaazi akasimama kutazama. Hakusema kitu ila hakurudi kupepeta. Wiki iliyopita tuliirudisha ndani ya gari kwa mnyororo na tawi la mwembe. (Tawi lilipona. Msijaribu nyumbani.) Paa nalo limerudishwa kwa kuchomelewa na fundi wa jua kali wa Wote, ila nimelibakisha limeshuka inchi tatu, kwa sababu bado mimi ni mimi. Mlango wa abiria tumeuacha kama ulivyokuwa, na sehemu ya mbele tumepima mara mbili kwamba mtu mrefu kama Mjomba, na kofia yake, anaingia bila kuinama sana.

Gia boksi mbovu niliyouziwa iko pembeni, kuku wameihamia. Ile ya asili inashika gia zote nne. Kinachokosekana ni sahani ya klachi, mpira mmoja wa radieta, na breki za nyuma ambazo sitaki kuzizungumzia leo.

Jumanne nilimpigia Mjomba baada ya kutoka kliniki. Sikungoja aulize. Nikamwambia injini imerudi mahali pake. Kimya kidogo, nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, "Ile ile?" Nikamwambia ile ile. Akaniambia niangalie skrubu ya pili ya kabureta, huwa inalegea ukipita matuta, na kwamba upande wa Mutomo ukishavuka daraja kuna mahali pazuri pa kusimama.

Nimeiangalia. Imelegea kweli. Kama kuna msomaji wa Kitui, Machakos au popote mwenye sahani ya klachi ya 504 aliyoiweka chini ya kitanda akisubiri bei ipande, basi na anitafute tuongee.