Hojaji Nayo Ina Historia: Kutoka Mshale wa Kalamu hadi Masharti ya Kompyuta

Utangulizi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi walimu wa lugha tumeupokea usemi huo kwa moyo mkunjufu, na kila mwaka wanafunzi wetu hutawanyika na hojaji mikononi kwenda kuwauliza watu kuhusu Kiswahili: nani anakijua, nani anakipenda, nani anakiogopa na kwa nini. Majibu huletwa idarani, hupangwa katika majedwali, na tasnifu huandikwa. Ni mara chache tunapojiuliza kama maswali yenyewe yaliulizwa ipasavyo.

Sisi wenyewe tumo katika kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita tuliandaa hojaji ya karatasi kwa wanafunzi wapya. Swali la tatu liliuliza kama mwanafunzi aliwahi kusoma Kiswahili shule ya sekondari, na chini yake tuliandika: "Kama jibu lako ni hapana, nenda swali la tisa." Karatasi ziliporudi, tulikuta watu waliojibu hapana wakiendelea bila wasiwasi na swali la nne, la tano na la sita, wakiwasifu au kuwalaumu walimu wa Kiswahili ambao hawakuwahi kuwa nao. Kulikuwa na jingine. Swali la sababu za kuchagua Kiswahili lilikuwa na orodha ya majibu sita, na la kwanza kabisa lilikuwa "Naipenda lugha hii." Wengi walilitia alama. Tulifurahi, tukalisema mkutanoni. Mwenzetu mmoja akauliza: je, wamelichagua kwa kuwa wanaipenda lugha, au kwa kuwa lilikuwa la kwanza? Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya dawa mbili za maradhi hayo: mantiki ya masharti, yaani swali kufuata jibu lililotangulia, na unasibu, yaani kuiachia bahati iliyopimwa ichague nani aulizwe na kwa mpangilio gani. Leo dawa hizi zimo ndani ya programu za hojaji za intaneti, na mtu huziwasha kwa kubonyeza mara moja. Hazikuzaliwa na intaneti, na asiyejua zilikotoka huzitumia vibaya.

Wingi wa majibu si ukweli wa majibu

Kisa maarufu kilitokea Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura takribani milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalipatikana, pamoja na kwingineko, katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Kadi zaidi ya milioni 2 zilirudi. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda urais. Uchaguzi ulipofika, Franklin Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyetumia watu wachache zaidi lakini waliopangwa kwa uangalifu, alikuwa ametabiri mshindi kwa usahihi.

Hata hivyo Gallup naye hakuwa amemaliza kazi. Wahoji wake walipewa mafungu ya kutimiza, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, maskini kadhaa, kisha wakaachiwa kuchagua wenyewe ni nani hasa wa kumhoji. Mwaka 1948 yeye na wenzake walitabiri kwamba Thomas Dewey angemshinda Harry Truman, wakakosea. Tangu hapo hoja ya wanatakwimu ilianza kusikilizwa zaidi: mhoji asichague mtu kwa jicho lake, achaguliwe kwa nasibu.

Hoja hiyo ilikuwa imeshajengwa mahali pengine. R. A. Fisher, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alieleza katika vitabu vyake vya mwaka 1925 na 1935 kwa nini vipande vya shamba vigawiwe mbolea kwa kura. Jerzy Neyman, mwaka 1934, alionyesha ubora wa sampuli nasibu dhidi ya sampuli inayochaguliwa kwa makusudi.

Hapa sisi watu wa Kiswahili tuna jambo la kusahihisha. Wanafunzi wengi huandika kwamba waliwachagua wahojiwa "bila mpangilio", wakidhani wamesema "kwa nasibu". Haya ni mambo mawili yaliyo mbali. Kusimama kwenye lango la chuo na kumhoji anayepita ni kuchagua bila mpangilio. Nasibu ina mpangilio mkali: kuna orodha, kuna kura, na kila mtu ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Neno letu la bahati nasibu linalijua hilo, kwani hakuna bahati nasibu ya haki isiyo na tiketi zilizohesabiwa.

Mlangoni hufungua nani?

Mwaka 1949 Leslie Kish alichapisha utaratibu wa kumchagua mtu mmoja ndani ya kaya. Mhoji huorodhesha watu wazima wote wa nyumba, kisha jedwali aliloandaliwa humwambia amhoji yupi. Hamhoji aliyefungua mlango, wala aliye msemaji zaidi.

Umuhimu wake unaonekana katika historia yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulifanyika uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika Afrika Mashariki, uliofadhiliwa na Ford Foundation. Kitabu cha Uganda kiliandikwa na Peter Ladefoged, Ruth Glick na Clive Criper. Kiliripoti kwamba asilimia 35 ya watu waliweza kuzungumza kwa Kiswahili. Nambari hiyo imenukuliwa katika tasnifu nyingi. Inayonukuliwa mara chache ni mgawanyo wake: wanaume asilimia 52, wanawake asilimia 18. Sasa tufikirie mhoji anayefika uani na kuzungumza na mwenye nyumba tu kwa kuwa ndiye aliyejitokeza. Angerudi na habari kwamba zaidi ya nusu ya Waganda wanazungumza Kiswahili. Angekuwa amesema kweli kuhusu wanaume, na amewafuta wanawake. Sera ya lugha ikijengwa juu ya habari ya namna hiyo, anayeumia ni yule ambaye hakuulizwa.

Neno moja, jibu jingine

Nasibu ilipokwisha kuchagua watu, ilipewa kazi ya pili: kuyapima maswali yenyewe. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio dogo lililowashangaza wengi. Makundi mawili ya Wamarekani yanayolingana yaliulizwa kuhusu hotuba za hadharani za kuipinga demokrasia. Kundi moja liliulizwa kama nchi iziruhusu. Asilimia 62 walisema isiziruhusu. Kundi la pili liliulizwa kama nchi izikataze. Waliosema izikataze walikuwa asilimia 46 tu. Mwalimu wa semantiki atasema kwamba kutoruhusu na kukataza ni kitu kimoja. Masikioni mwa mhojiwa si kimoja: kitenzi "kataza" kina ukali ambao "kutoruhusu" haina.

Mwaka 1948 ikaja zamu ya mpangilio wa maswali. Herbert Hyman na Paul Sheatsley waliuliza kama Marekani iwaruhusu waandishi wa habari wa Kikomunisti kuingia na kuripoti watakavyo. Swali hilo lilipoulizwa kwanza, takribani asilimia 37 walikubali. Lilipotanguliwa na swali la kama waandishi wa Kimarekani waruhusiwe kufanya hivyo hivyo Urusi, waliokubali walifika asilimia 73. Mtu aliyekwisha kudai haki kwa ajili ya wenzake huona haya kuwanyima wengine haki hiyo hiyo.

Tuyalete hayo nyumbani. Mabadiliko ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hojaji juu ya jambo hili ni nyingi. Ukimuuliza mzazi kama Kiswahili "kifundishwe kwa watoto wote", na mwingine kama watoto wote "walazimishwe kujifunza Kiswahili", usitarajie jibu moja. Na ukianza kwa kumkumbusha mtu enzi ambazo Kiswahili kilisikika zaidi midomoni mwa askari, ndipo umuulize kama anakipenda, umeshamjibia.

Sentensi za masharti zaingia kwenye mashine

Dawa ya pili ni sarufi tupu. Kila mwalimu wa Kiswahili amefundisha kiambishi -ki- cha masharti: "Ukijibu ndiyo, utaulizwa swali la nne, ukijibu hapana, utaulizwa la tisa." Kwenye karatasi sharti hilo lilichorwa kwa mishale na visanduku, na aliyelitekeleza alikuwa mhoji au mhojiwa mwenyewe, mwenye haraka zake na uchovu wake. Masharti yalipozidi mawili au matatu, mishale iligeuka utando wa buibui.

Miaka ya 1970, huko Marekani, kompyuta ilianza kutumika katika mahojiano ya simu. Mhoji aliona swali moja tu kwenye kioo, naye hakuwa na njia ya kuliona lisilomhusu mhojiwa. Mwaka 1986 idara ya takwimu ya Uholanzi ilitoa programu ya Blaise, ambayo ndani yake hojaji huandikwa kama mfululizo wa masharti. Mwaka 1994, mtandao wa wavuti ukiwa bado mchanga, watafiti wa Georgia Tech nchini Marekani walianza kuwahoji watumiaji wake kwa njia ya mtandao huo huo, na katika awamu ya pili mwaka huo waliweka maswali yaliyobadilika kulingana na majibu yaliyotangulia.

Historia hii inapita pia kwetu. Programu ya KoBo, inayotumiwa leo na mashirika mengi ya misaada, ilitokana na kazi ya watafiti waliokusanya habari kaskazini mwa Uganda, eneo lililoathiriwa na vita, na jina lake ni neno la Kiacholi lenye maana ya kuhamisha. Haikuwa ajabu kwamba chombo hicho kilihitajika huko. Mtu aliyepoteza ndugu haulizwi maswali kumi yasiyomhusu, wala mtu ambaye hakutekwa haulizwi aliachiliwa lini. Hapo mantiki ya masharti si urahisi wa kazi tu, ni adabu.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wanafunzi wanaotayarisha hojaji za intaneti sasa, historia hiyo inatufundisha haya.

Kwanza, chora mti wa maswali kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Kila tawi lifike mwisho. Kisha jifanye wahojiwa wa aina zote na upite katika kila tawi mwenyewe.

Pili, usimwadhibu anayesema ndiyo. Kila "ndiyo" ikifungua maswali matano mapya, mhojiwa ataujua mchezo na kuanza kusema "hapana" ili amalize mapema. Watafiti walilithibitisha jambo hili mwaka 2011. Uliza maswali yote ya mchujo kwanza, ndipo yafuate ya kina.

Tatu, changanya kwa nasibu orodha zisizo na mpangilio wa asili, kama ile yetu ya sababu za kuchagua Kiswahili. Asomaye kwa macho huelekea kuchagua ya juu. Asomewaye kwa sauti huelekea kuchagua ya mwisho. Kuchanganya hakuondoi tabia hiyo, bali huigawa sawa kwa majibu yote. Jibu la "Nyinginezo" libaki mwisho daima.

Nne, usichanganye ngazi. Mfululizo wa kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa" una mpangilio wake, na ukiuvuruga unamchosha msomaji bure. Wala usiruhusu swali linalotegemea jingine litangulie lile linalolitegemea.

Tano, ukiwa na shaka kati ya maneno mawili, usibishane nayo ofisini wiki nzima. Wagawe wahojiwa kwa nasibu, nusu wapate neno hili na nusu lile, kisha ripoti matokeo yote mawili.

Tano hizo zote hazitamsaidia aliyetuma kiungo cha hojaji kwenye kundi la simu la rafiki zake akaandika kwamba ametafiti "Waganda". Kuchanganya majibu kwa nasibu hakuwafanyi wajibuji kuwa wa nasibu. Literary Digest ilipata majibu zaidi ya milioni 2.

Hitimisho

Hojaji yetu ya karatasi tuliiweka kando. Tulichokuwa tumekitangaza mkutanoni tulikirekebisha katika mkutano uliofuata, jambo ambalo halikuwa tamu. Ya sasa ina masharti yanayotekelezwa na mashine, na orodha yake ya sababu huchanganywa kwa kila mhojiwa. Huenda ikatuonyesha kwamba wanafunzi wetu wanaipenda lugha. Huenda ikatuonyesha kwamba walikuja kwa sababu nafasi za kozi nyingine zilikuwa zimejaa. Vyovyote itakavyokuwa, ni wao watakaokuwa wamesema, nasi tutajua tunawafundisha nani. Tunawaalika walimu wenzetu walete hojaji zao idarani kabla ya kuzisambaza, tuzipitie pamoja, tawi kwa tawi.