Kutoka Kaseti Hadi Kompyuta: Historia ya Sauti ya Kwaya Yetu

Historia ya kwaya huwa inahesabu wachungaji waliotulea, safari tulizokwenda na sare tulizoshona. Hayo mmeshayasoma kurasa za mbele. Ukurasa huu tumeutumia kusimulia jambo ambalo halimo katika kitabu cha kumbukumbu: jinsi tulivyokaribia kuipoteza sauti ya Mwalimu wetu wa kwanza kwa sababu tulitaka isikike zaidi.

Miaka 25 iliyopita chombo chetu kilikuwa redio moja ya kaseti. Mwalimu aliimba sauti zote nne mwenyewe, moja moja, akiigiza hata soprano, na sisi tukacheka pembeni (kicheko hicho kimo kwenye kaseti mpaka leo). Waliotoka mbali, Msambweni na Shimba Hills, walibeba kaseti nyumbani kwa zamu. Betri zikiisha nguvu, mkanda ulizunguka polepole na sauti ikashuka. Ndugu zetu wa besi wanasema hiyo ndiyo sababu wao huchelewa kuingia. Tumewasamehe.

Baadaye kijana wetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi hotelini Diani alizihamishia kaseti kwenye kompyuta yake. Programu aliyotumia kuzicheza ni ile ambayo wengi wenu mnaijua kwa alama yake, koni ya barabarani ya rangi ya chungwa: VLC. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi, École Centrale, Paris, na tangu mwaka 2001 imekuwa ya bure kwa yeyote. Kilichotuvutia ni kitufe chake cha sauti. Programu nyingi hukomea 100, lakini hii huvuka hadi 125, na anayejua kuingia kwenye mipangilio yake anaweza kuifungua hadi 300. Kwa kwaya yenye kaseti hafifu, tuliona tumepata dawa.

Dawa hiyo tuliilipia kwenye harusi moja hapa Ukunda. Wimbo wa kuingilia bwana na bibi arusi ulisikika mdogo, tukapandisha sauti kwenye kompyuta, kisha kwenye mikisa, kisha kwenye amplifaya. Mlio ukawa mkwaruzo, na kabla bibi arusi hajafika kwenye kiti, spika ya kuazima ilibaki kunguruma sauti nzito tu. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ilikuwa imeungua. Fedha za sare za mwaka ule ziliishia kwa fundi.

Fundi huyo ndiye aliyetufundisha, na tunaona somo lake linastahili kubaki kwenye historia. Ndani ya kompyuta sauti ni namba. Katika rekodi za kiwango cha CD, namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767. Ukiwa na sehemu ya wimbo yenye 10,000 ukaizidisha mara mbili, unapata 20,000 na hakuna ubaya: sauti imepanda kwa takriban desibeli 6. Lakini sehemu yenye 20,000 ikizidishwa mara mbili inadai 40,000, na nafasi hiyo haipo. Kilele cha wimbi hukatwa kikawa bapa, kama mnazi uliokatwa kilele. Wimbi bapa huzaa sauti nyingi za juu ambazo hakuna aliyeziimba, na nguvu hiyo huishia kwenye twita, yenye waya mwembamba usioweza kuvumilia. Kwa hiyo kupita 100 si kosa kwa rekodi iliyo ndogo. Ni kosa kwa rekodi iliyokwisha kujaa, na sisi hatukuwa tumetazama ipi ni ipi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mwalimu alipokwisha kutuacha, mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alizipandisha nyimbo zake kwenye kompyuta, akazipandisha tena, akahifadhi juu ya zile za awali. Kilele kilichokatwa hakirudishwi kwa kupunguza sauti. Unapata mkwaruzo uleule, mdogo tu. Tulikaa kimya siku ile, kila mtu akitazama sakafu.

Mjane wake, Mama yetu, ndiye aliyetuokoa. Nyumbani kwake Msambweni alikuwa ametunza kaseti moja ndani ya sanduku la nguo, mbali na hewa ya chumvi. Safari hii tulienda taratibu. Tuliihamisha kwa kiwango cha chini, tukaweka nakala mahali patatu, na nakala ya kazi tukaifungulia kwenye Audacity, programu nyingine ya bure. Yenyewe hupima kilele kirefu kuliko vyote na kukuonyesha nafasi iliyobaki. Usipoiruhusu kukata, haikati. Kisha tuliminya kidogo sehemu zenye kelele ili zile za upole ziinuke. Tangu hapo kompyuta yetu hubaki 100, na nyongeza hufanyika kwenye mikisa, taa nyekundu isiwake.

Vijana wanaojifunzia nyimbo kwa visikizi masikioni tunawaomba wasome hapa mara mbili. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inaweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Twita tulinunua nyingine, lakini sikio halina duka Ukunda wala Mombasa.

Leo, baada ya salamu za wageni, mtasikia Mwalimu akiimba teno kwa dakika tatu. Tumepandisha tulichoweza, tukizidisha, pamoja naye atapanda jogoo wa jirani na mvumo wa mkanda. Sauti yake itakuwa ndogo. Tunawaomba wahudumu wazime feni zote wakati huo, na wenye simu wazizime kabisa.