Andrew Foster na Elimu ya Vijana Viziwi Barani Afrika

Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, nchini Italia, uliazimia kuiondoa madarasani lugha ya alama, yaani lugha kamili yenye msamiati na sarufi yake, ambayo huzungumzwa kwa mikono, uso na mwili, na kwa miongo mingi iliyofuata shule nyingi za Ulaya na Marekani zilishika njia ya kauli, iliyomtaka mwanafunzi asome midomo ya mwalimu na kutamka sauti asizozisikia. Ugumu wa njia hiyo huonekana hata katika Kiswahili, kwa kuwa sauti b, m na p zote hutamkwa kwa kufumba midomo, hivyo kijana anayetegemea macho peke yake hawezi kutofautisha “baba”, “mama” na “papa” ila kwa kukisia kutokana na mazungumzo yenyewe. Kijana aliyeshinda kutwa nzima akikisia hivyo, kisha akaitwa mzito wa kuelewa, alionewa.

Njia tofauti, ya kufundisha kwa alama, ilifikishwa kwa vijana viziwi wa Afrika na Andrew Foster. Mmarekani mweusi huyo, aliyezaliwa Alabama mwaka 1925, alipoteza usikivu akiwa na umri wa miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando unaozunguka ubongo na uti huo. Kwa kuwa aliupata uziwi akiwa tayari na lugha, alikuwa na msingi ambao mtoto aliyezaliwa kiziwi hukosa asipokutana mapema na watu wanaotumia alama. Hata hivyo ubaguzi wa rangi ulimfungia njia, kwani shule ya viziwi weusi ya jimbo lake iliishia darasa la sita. Baadaye alihamia Detroit, ambako alifanya kazi huku akiendelea kujisomea, hata mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika Chuo cha Gallaudet, taasisi ya viziwi iliyoko Washington.

Mwaka 1957 alifungua shule mjini Accra, nchini Ghana, na hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zipatazo 30, zikiwemo za Nigeria, Burundi na Kongo. Ubora wa kazi yake haumo katika hesabu hiyo pekee: vijana waliokuwa wametengwa kila mmoja kijijini kwake walikutana na wenzao wa rika lao, wakafundishwa na kiziwi mwenzao, na baadhi yao wakawa walimu. Alama alizozileta, lakini, zilikuwa za Kimarekani, na hapana budi kukiri kwamba zilizikalia alama za wenyeji, ilhali Ghana kwenyewe kijiji cha Adamorobe kilikuwa na lugha yake ya alama ya tangu zamani.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na juhudi zake, mathalani shule ya viziwi ya Tabora iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Ama maazimio ya Milan, hayo yalikataliwa rasmi mwaka 2010, katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, na mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya, katika ibara ya 120, iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya, yaani lugha ya alama ya nchi hiyo, kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.