Afrika Kando ya Seine: Ubora na Udhaifu wa Filamu Moja Fupi

Mwaka 1955 vijana wa Kiafrika waliokuwa Paris walitengeneza filamu ya dakika kama 20 iitwayo Afrique-sur-Seine. Anayejulikana zaidi kati yao ni Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo aliyesomea filamu katika chuo cha IDHEC. Wenzake walikuwa Mamadou Sarr, Jacques Mélo Kane na Robert Caristan. Filamu hii hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa sinema ya Waafrika, na kwa sababu hiyo wengi huiheshimu bila kuipima. Katika makala hii tunaipima.

Kwanza, kwa nini Paris? Tangu mwaka 1934, amri iliyopewa jina la waziri Pierre Laval ilimlazimu kila aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika kuomba kibali, na wakoloni waliikagua hadithi kabla ya kamera kuwashwa. Vijana hawa walinyimwa kibali. Basi waligeuza kamera kule walikokuwa: mitaa ya Paris, mikahawa, wanafunzi wenzao.

Hapo ndipo ulipo ubora wake mkubwa. Kwa miaka mingi Wazungu ndio waliokwenda Afrika kuwapiga picha Waafrika. Safari hii Mwafrika ndiye aliyeutazama mji mkuu wa mkoloni. Filamu inauliza Afrika iko wapi hasa, barani kwenyewe au kando ya mto Seine. Katazo lenyewe likawa mada.

Udhaifu wake uko kwenye sauti. Watu tunaowaona hawasikiki wakizungumza. Msimulizi mmoja anawasemea wote, kwa Kifaransa cha kishairi, na mara nyingi anatueleza tuhisi nini kabla picha haijatuonyesha. Mwishoni tunamjua msimulizi kuliko tunavyowajua wanaosimuliwa.

Wapo watakaosema hilo ni kosa la umaskini wa vifaa. Sisi hatukubali moja kwa moja. Mwaka 1963 Ousmane Sembène, aliyekuwa amejifunza filamu Moscow, alitengeneza Borom Sarret mjini Dakar. Filamu hiyo nayo ni ya dakika kama 20, na sauti yake iliongezwa baada ya kupiga picha. Lakini Sembène alimpa maneno mwendesha mkokoteni mwenyewe. Tunasikia anachowaza anapobeba abiria wasiolipa, na polisi anapomnyang'anya mkokoteni wake. Uhaba ulikuwa karibu uleule, uamuzi ukawa tofauti.

Hata hivyo, si haki kusema Sembène alifaulu na Vieyra akashindwa. Vieyra alisimamia utengenezaji wa filamu kadhaa za Sembène, na mwaka 1975 kikatoka kitabu chake juu ya historia ya sinema ya Afrika. Filamu ile ya kwanza ilikuwa hatua, na bila hatua hakuna safari.

Tunajifunza mambo mawili. Amri ya Laval inaeleza kwa nini filamu ilipigwa Paris, lakini haielezi kwa nini watu wake wako kimya. Kwa hiyo tunapotazama filamu fupi za wanafunzi, zikiwemo zetu wenyewe tunaoishi mbali na Afrika Mashariki, tutenganishe kilichozuiliwa na kilichochaguliwa. Taa hafifu tuisamehe. Lakini bibi akionyeshwa jikoni dakika nzima huku mjukuu akimsemea, tuulize: kwa nini hakuachwa aseme mwenyewe?